Rangi ya Krismasi, matope ya Aprili: Nyumba za wazee Thika na Ruiru

*Kila mwaka familia hununua rangi mpya kwa nyumba ile ile kuukuu, na kila masika ukuta huchafuka tena. Dawa yake ni nafuu, lakini hudai kwanza watoto wa nyumba wakubaliane.*

Na Mwandishi Wetu

MVUA ya masika ikipiga Ruiru kwa nusu saa, nyumba kuukuu haihitaji mkaguzi. Maji hushuka kutoka ukingo wa mabati usio na gata, hutwanga udongo mwekundu chini ya ukuta, na matope huruka hadi karibu na dirisha. Jua likitoka, ukuta uliopakwa rangi ya krimu miezi minne iliyopita una ukanda wa rangi ya kutu unaozunguka nyumba nzima.

Rangi hiyo ilipakwa Desemba. Watoto walio Nairobi, Nakuru na ng'ambo walikuwa wanarudi nyumbani kwa Krismasi. Walichangishana kwenye kundi la WhatsApp la familia, ndoo zikanunuliwa, fundi akaitwa, na kazi ikaisha kwa siku mbili. Picha zikapigwa mbele ya veranda.

Kufikia Aprili rangi inabanduka magamba karibu na msingi, na kundi lile lile linaulizana fundi alichanganya maji kiasi gani.

Huenda fundi hana kosa. Ukizunguka mitaa ya zamani ya Ruiru na Thika, kosa utaliona mbali na brashi yake: kwenye paa, kwenye mteremko wa ua, na mara nyingi kwenye hati miliki ambayo bado ina jina la marehemu.

Mji ulizikuta zimesimama

Ruiru ya miaka ya 1970 ilikuwa nchi ya kahawa. Kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko huko ndicho kilichotoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985, na jina la mji likasafiri hadi mashamba ya mbali. Wananchi wengi walipata ardhi kupitia kampuni za ununuzi kama Githunguri Constituency Ranching: unanunua hisa, unasubiri upimaji, kisha unaonyeshwa ploti yako.

Thika ilikua kwa njia yake. Reli kutoka Nairobi iliufikia mji huo mwaka 1913, viwanda vikafuata, na wafanyakazi wa viwanda hivyo wakajenga kidogo kidogo kila mshahara uliporuhusu.

Nyumba za wakati huo zilifanana. Vyumba vitatu au vinne, kuta za mawe au mbao, paa la mabati lenye miteremko miwili, madirisha ya chuma, veranda ndogo ya kupokelea wageni. Mbele palikuwa na ua wa kaiyaba uliokatwa ukanyooka, na geti la mbao ambalo halikumzuia jirani kusalimia akiwa barabarani.

Kisha mji ukaja. Barabara Kuu ya Thika ilifunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 Ruiru. Ile ya 2019 ilihesabu 490,120, idadi iliyoiweka Ruiru mbele ya Eldoret na Kisumu, nyuma ya Nairobi, Mombasa na Nakuru pekee. Thika ilikuwa na watu 251,407.

Kwa nyumba ya mzee, takwimu hizo zina maana ya moja kwa moja. Ploti ya jirani imekuwa ghorofa la wapangaji. Barabara iliyokuwa chini ya kiwango cha ua imemwagiwa kifusi na murami mara nyingi hadi imepanda juu ya veranda. Maji yaliyokuwa yakitoka nyumbani kwenda barabarani sasa yanatoka barabarani kuja nyumbani.

> Ruiru ilikuwa na watu 238,858 mwaka 2009. Miaka 10 baadaye walikuwa 490,120.

Hesabu ya paa moja

Chukua nyumba yenye paa la mita 120 za mraba. Mvua ya milimita 25, ambayo si ajabu kwa alasiri moja ya Aprili, huangusha juu yake lita 3,000 za maji, sawa na ndoo 150 za lita 20. Bila gata, maji yote hayo hutua kwenye mistari miwili, mmoja mbele ya nyumba na mwingine nyuma.

Matope ukutani ni sehemu inayoonekana tu. Mawe yanayotumiwa sana eneo hili, yakiwemo ya machimbo ya Ndarugo upande wa Juja, yametokana na majivu ya volkeno na hunyonya maji. Maji yakiingia kutoka chini, jiwe hulowa kwa ndani. Yakitafuta njia ya kutoka, hukutana na plasta ya saruji na rangi ya mafuta iliyofunga kila tundu. Hapo rangi hufura malengelenge, chumvi nyeupe hujitokeza, na plasta huanza kutoa sauti ya utupu ukiigonga.

Ndiyo maana Desemba ni mwezi mbaya wa kupaka rangi. Mvua ya vuli huanza Oktoba, na ukuta wa jiwe hauwezi kukauka kwa wiki moja ya jua kabla ya Krismasi. Julai nako kuna baridi na manyunyu, na rangi huchelewa kushika. Kipindi kinachofaa zaidi ni Januari na Februari, wakati ambao familia zimetawanyika na fedha zimeishia kwenye karo.

Kazi ya kwanza, basi, ni gata. Ifungwe kwa mteremko wa takriban milimita tano kwa kila mita, ishuke kwa bomba hadi kwenye tangi au mfereji, na isiachwe ikimwaga pembeni mwa msingi. Mgao wa maji si jambo geni katika miji hii miwili, kwa hivyo tangi la lita 5,000 hufanya kazi mbili: hulinda ukuta na hupunguza safari za kununua maji.

Ya pili ni ukanda wa zege kuzunguka nyumba, upana wa sentimita 60 hadi 90, ulioinama kuelekea nje. Matone yakitua kwenye zege hayarushi udongo. Kiwango cha udongo wa ua nacho kishushwe hadi kiwe walau sentimita 15 chini ya sakafu. Nyumba nyingi kuukuu zimezikwa polepole na kifusi, majani na taka za bustani mpaka msingi hauonekani tena.

Hizo ni kazi za jembe, toroli na mifuko kadhaa ya saruji. Hazipendezi kwenye picha, na pengine ndiyo sababu hazichangiwi.

Rangi yenyewe si nyingi

Maji yakishadhibitiwa, hesabu ya rangi hushangaza kwa udogo wake. Ukuta wa mbele wenye urefu wa mita 12 na kimo cha mita tatu una mita 36 za mraba. Ukitoa mlango na madirisha, hubaki kama 30. Mikono miwili ya rangi ni mita 60, na lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika takriban mita 10. Jumla ni lita sita.

Ndoo ya lita 20, kwa kipimo hicho, inakaribia kutosha nyumba nzima ya ukubwa wa kawaida. Familia inayonunua ndoo hiyo kila mwaka kwa miaka mitano imenunua gata na haijui.

Matayarisho ndiyo hula muda. Rangi iliyobanduka ikwanguliwe, nyufa zijazwe, msasa upigwe, vumbi lioshwe. Plasta mpya ingoje takriban wiki nne kabla ya kupakwa. Sehemu ya chini ya ukuta ipewe rangi nzito zaidi, kahawia au kijivu, kwa kuwa hata mipango mizuri haiondoi udongo wote.

Hapa pana tahadhari mbili. Rangi za mafuta za zamani huenda zina madini ya risasi, ambayo huathiri ubongo wa mtoto. Kiwango kinachoruhusiwa sasa katika rangi nchini ni sehemu 90 kwa milioni, lakini rangi iliyopakwa zamani haikujua kiwango hicho. Ikwanguliwe ikiwa imeloweshwa, watoto wakae mbali, na magamba yakusanywe.

Ya pili ni paa la asbesto, ambalo bado lipo kwenye baadhi ya majengo ya zamani. Lisisuguliwe kwa brashi, lisitobolewe na lisivunjwe kwa nyundo. Kanuni za taka za mwaka 2006 huiweka asbesto miongoni mwa taka hatari, na kuiondoa ni kazi ya wenye leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Thika yenyewe ina eneo la kuzikia taka hizo, Kang'oki.

> Lita sita za rangi zatosha ukuta wa mbele. Kinachomaliza fedha ni kuzirudia kila mwaka.

Jiwe lisifichwe bure

Kuna mitindo inayovutia macho barabarani: mawe ya mazera yaliyobandikwa ukutani, vigae vinavyong'aa kwenye nguzo za veranda, kabro uani, geti la chuma lenye nakshi za dhahabu. Kwenye nyumba mpya mitindo hiyo hukaa vyema. Kwenye nyumba ya mzee, mara nyingi hufunika kitu kizuri kuliko chenyewe.

Ukuta wa mawe yaliyochongwa kwa mkono, wenye alama za patasi, hauhitaji kubandikwa mawe mengine. Unahitaji kusuguliwa kuvu kwa brashi na kuzibwa upya viungo vya saruji vilivyomomonyoka. Kuupiga plasta ni kununua gharama ya rangi ya maisha.

Madirisha ya chuma nayo hung'olewa upesi mno ili kuwekwa ya alumini. Fremu iliyotengenezwa kwa chuma kizito ikisuguliwa kwa brashi ya waya, ikapakwa rangi ya kuzuia kutu na kisha rangi ya mafuta, hudumu miaka mingi zaidi. Kilichooza kwa kawaida ni puti inayoshika kioo, na puti ni ya bei ya chini.

Nyumba za mbao zina adui wake, mchwa. Desturi ya kupaka oili chafu ya gari humzuia kwa muda, lakini hufanya ukuta kuwa mweusi, hunuka, huingia kwenye udongo wa bustani na haikubali rangi nyingine juu yake. Dawa ya mbao iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na mbao za chini zilizoinuliwa kutoka kwenye udongo, hufaa zaidi.

Kwamba jengo kuukuu linaweza kulipa gharama zake si nadharia hapa. Hoteli ya Blue Posts, iliyoanzishwa mwaka 1908 kati ya maporomoko ya Chania na ya Thika, imeendelea kuvuta wageni kwa zaidi ya karne kwa mandhari na bustani zake.

Ua au ukuta?

Mjadala mkali zaidi huwa mbele ya nyumba, kwenye mpaka na barabara.

Upande mmoja unataka kaiyaba ing'olewe na ukuta wa mawe ujengwe, futi nane na waya wa umeme juu. Hoja yao ni usalama, na si hoja ya kupuuzwa. Mama anayebaki peke yake usiku katika mtaa uliojaa wageni ana haki ya kulala bila wasiwasi.

Upande wa pili unasema ukuta mrefu humficha mwizi akishaingia. Ua wa kaiyaba wenye miiba, ukikatwa mara mbili au tatu kwa mwaka, ni vigumu kupenya, na jirani huona kinachoendelea ndani. Pia hunyonya maji badala ya kuyazuia yageuke ziwa uani.

Waswahili walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mitaa hii wapo wanaojenga ukuta na ufa bado wauona.

Njia ya kati ipo: ukuta mfupi wa mawe wa futi tatu au nne, juu yake vyuma vinavyopitisha macho, na kaiyaba au boganvilia nyuma yake. Geti libaki na nafasi ya kuona nje. Njia ya kutoka getini hadi mlangoni iwe moja, iliyonyooka na yenye taa.

Kabro nayo itumike kwa kipimo. Ua uliofunikwa wote hauna mahali pa kunywea maji, na fundi akikosea mteremko, mvua yote huelekezwa kwenye mlango wa mbele. Njia ya gari na ya miguu inatosha. Panapobaki pawe nyasi, mti mmoja wa kivuli na maua.

Kisha kuna maduka. Familia zilizo karibu na barabara hujenga vyumba vya biashara mbele, na uso wa nyumba hutoweka kabisa nyuma ya kinyozi, M-Pesa na duka la dawa. Kodi inayopatikana ni ya kweli na huwalipia wengi hospitali. Lakini vyumba hivyo vikivuka mpaka wa ploti na kuingia hifadhi ya barabara, siku ya kubomolewa fidia haitolewi.

Nani atatoa fedha?

Muulize fundi yeyote wa miji hii kwa nini nyumba fulani imeachwa ichakae, na jibu halitakuwa umaskini. Litakuwa ni ndugu.

Mzee alifariki, hati miliki ina jina lake, na maombi ya urithi hayajawahi kupelekwa mahakamani. Kifungua mimba aliye ng'ambo anataka nyumba ihifadhiwe kama ilivyokuwa. Kitinda mimba anayeishi humo hana fedha. Aliye katikati anasema ploti ya futi 50 kwa 100 karibu na barabara kuu haipaswi kukaliwa na nyumba ya vyumba vinne, ilhali ghorofa la wapangaji lingewalipa wote kila mwezi.

Hoja ya ghorofa ina uzito wake. Watu wanaoongezeka Ruiru wanahitaji mahali pa kulala, na kodi ni pensheni kwa familia isiyo na pensheni. Lakini ghorofa hudai mkopo, maji ya kutosha na njia ya majitaka, na ambapo bomba la majitaka halijafika, shimo la nyumba moja haliwezi kubeba familia ishirini.

Sheria haimruhusu yeyote kati yao kuamua peke yake. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Julai 1981, humpa mjane au mgane aliyebaki na watoto, ikiwa marehemu hakuacha wosia, haki ya kuishi na kunufaika na mali hiyo maisha yake. Kifungu cha 45 hukataza mtu kujitwalia au kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya mahakama; adhabu ni faini isiyozidi Sh10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Ni vigumu kumwona mtu akishtakiwa kwa kuziba paa linalovuja. Kubomoa, kuuza au kuikodisha nyumba na kula kodi peke yako ni jambo jingine.

Hasara ya kungoja ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Nyumba isiyo na mwenyewe haifungwi hata gata, na maji hayasubiri kesi iishe.

> Aliyetoa fedha za paa bila maandishi leo atazidai kesho kwenye kikao cha urithi.

Kibali cha nini?

Kupaka rangi, kubadilisha gata na kukata ua ni ukarabati wa kawaida. Ukuta wa mpaka, vyumba vya biashara na chumba cha nyongeza ni ujenzi, na mwenye nyumba anapaswa kuuliza ofisi ya mipango ya Kaunti ya Kiambu kabla ya kumwaga mchanga. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 huweka faini ya hadi Sh500,000, kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote, kwa anayejenga bila idhini.

Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za mwaka 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025, zimechukua nafasi ya zile za 1968. Kwa kazi kubwa, mwenye nyumba aangalie pia kama mjenzi amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA.

Wapo wanaotamani mitaa ya zamani iwe na masharti kama ya Tatu City, mji mpya wa ekari 5,000 uliochipuka kwenye mashamba ya kahawa ya Ruiru, ambako kila mjenzi hufuata mwongozo mmoja. Wanaopinga wanasema masharti ya namna hiyo huwafaa wenye fedha, na mjane wa mtaa wa Kihunguro, Ruiru, asitozwe faini kwa sababu ya rangi iliyofifia.

Wanaopinga wana haki. Kabla kaunti haijadai kuta zinazopendeza, ichimbe mitaro ya kando ya barabara zake na isimwage kifusi hadi mlango wa mtu uwe bondeni. Sehemu kubwa ya uchafu wa nyumba hizi hutoka upande wa pili wa geti.

Mpangilio wa kazi

Familia inayotaka kuanza ifuate utaratibu huu:

1. Ikutane, iandike nani anachangia nini, na kama fedha hizo ni zawadi au zitarudishwa wakati wa kugawana.
2. Ianze maombi ya urithi ikiwa hati bado ni ya marehemu.
3. Izibe paa na kufunga gata na bomba.
4. Ishushe udongo, ijenge ukanda wa zege na kuelekeza maji ya barabarani mbali na mlango.
5. Ikate ua, itengeneze geti na njia ya kuingia, iweke taa ya veranda.
6. Iupe ukuta muda wa kukauka, kisha ipake rangi Januari au Februari.

Rangi iko mwisho wa orodha kwa makusudi. Familia yenye fedha za kazi moja tu mwaka huu isinunue ndoo ya rangi. Inunue gata.